Wanagenzi Kumi na Wawili wa Kahangwa

Sehemu ya Tisa

Turubai lilifunuliwa.

Najua, msomaji, umesubiri wiki nzima. Kuna bwana mmoja wa Kibeta alinipigia simu kuniapia kwamba chini ya turubai lile kuna maiti. Mwingine kasema ni pembe za ndovu. Poleni wote wawili. Mnasoma magazeti kupita kiasi.

Kwa aliyeingia leo: Kahangwa ni yule mwenye karakana pale Nyanga, kitambi mbele, kalamu tatu mfukoni, ambaye Serikali inamlipa ili awafundishe kazi ya kuchomelea vyuma vijana kumi na wawili wasio na ajira. Kila kichwa kina fungu lake, kila mwezi, miezi sita. Vichwa vinavyokuja kweli ni vinne. Kimoja ni cha Jovina, binti wa Muleba, miaka ishirini na tisa, ambaye stashahada yake imekaa sandukuni mpaka mende wameisoma wakaimaliza.

Na Bi Mwamvita ndiye mkaguzi. Alitakiwa kufika Ijumaa. Alifika Alhamisi, saa nne asubuhi, bila kupiga hata honi, na mkono wake ndio uliolivuta turubai lililoandikwa kwa chaki: MASHINE. USIGUSE.

Mashine haikuwepo.

Kulikuwa na mapipa mawili. Ndani ya mapipa yalisimama mabati mapya yanayometa, na chini ya mabati kulikuwa na senene, panzi wa kuliwa walionaswa usiku uliopita, wazima kabisa, wa kijani na wa kahawia, ambao hakuna aliyekumbuka kuwamwaga kwenye gunia. Walipoona mwanga waliruka wote kwa pamoja. Wengine walitua kwenye ushungi wa Bi Mwamvita, wengine kwenye faili la Serikali.

"Waitu, Madam," Kahangwa alisema kwa unyenyekevu wote wa Kihaya huku akipangusa jasho, "hii ni maabara."

"Maabara ya nini?"

"Ya kuchomelea. Kijana akishajua kuchomelea fremu ya mtego wa senene, geti la tajiri halimshindi."

Bi Mwamvita hakupiga kelele hata kidogo. Ni mzaliwa wa Bukoba mjini, mtu wa hapa hapa. Alimtwaa senene mmoja begani, akamng'oa mabawa na miguu kwa mkupuo mmoja, akamtupia kwenye ndoo aliyokuwa ameishika Jovina.

"Mabati haya yana mhuri wa mradi. Ni ya kufundishia."

"Na yanafundisha, Madam."

"Yanamfundisha nani?"

"Senene," alijibu Julius, mwanagenzi mwingine kati ya wale wanne, akidhani amesema kimoyomoyo. Wenzake walikohoa wote kwa mara moja.

Naomba nikukumbushe mtaala wa karakana hii, maana hutaukuta kwenye faili. Juni hadi Septemba vijana walianika kahawa ya Kahangwa. Oktoba walipalilia migomba ya Kahangwa. Novemba walinyonyoa senene wa Kahangwa, ndoo kwa ndoo, mpaka kucha zikawa kijani. Desemba, kwa mujibu wa faili, watakuwa mafundi.

"Mashine ya kuchomelea iko wapi?" Bi Mwamvita aliuliza.

"Goziba."

"Kisiwani?"

"Mafunzo ya vitendo, Madam. Wavuvi wana vyombo vyao kule, vinahitaji—"

"Nitakwenda kuiona."

"Ni kwa boti tu."

"Nitapanda boti."

"Ziwa limechafuka."

Bi Mwamvita aligeuza shingo. Pale Nyanga ukisimama kwenye geti la Kahangwa unaliona ziwa lote. Lilikuwa limetulia kama uji uliopoa.

Hapo ndipo mlio wa grainda uliposikika kutoka ng'ambo ya ua. Jirani alikuwa akikata chuma. Kahangwa alianza kuimba ili kuuzima, lakini alikuwa amechelewa.

"Kumbe kuna fundi hapa jirani," alisema Bi Mwamvita. "Wewe uliyejibu 'Senene', nenda kaazime mashine."

Jovina aliujua mlio ule. Fundi yule alikuwa Haruni.

Haruni alikuja akisukuma mashine yake kwenye toroli. Mrefu, mkimya, shati limetobolewa na cheche kama chujio. Alipofika getini alisimama.

"Ichukueni tu," alisema. "Mimi nina mteja."

"Ingia, fundi," Bi Mwamvita alimwambia. "Mashine yako, usalama wako."

"Nina mteja, Madam."

"Atasubiri."

Haruni aliingia kwa miguu ya mtu anayeingia kituo cha polisi. Msomaji, ishike hiyo, usiiachie.

Mkaguzi alifungua faili, akaanza kuita majina. La kwanza Julius, yupo. La pili Jovina, yupo. La tatu na la nne, wapo. La tano kimya. La sita kimya. La saba alijibu kuku. La nane, la tisa, la kumi, Kahangwa alieleza kuwa mmoja ana malaria, mmoja kaenda kuposa, mmoja ni pacha wa mwenye malaria kwa hiyo naye anajisikia vibaya.

"Namba kumi na moja. Ephrasia Ishengoma. Miaka ishirini na saba."

"Huyo yuko njiani!" Kahangwa alisema kwa furaha, maana kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anasema kweli. Alipoliona gari la Serikali likipanda kilima alikuwa amempigia simu mkewe, Restituta: leta mtu yeyote aliyeko kwenye orodha, upesi!

Mkewe naye, msomaji wa tangu mwanzo anakumbuka, ndiye aliyempa fotokopi saba za vitambulisho vya jamaa zake. Kahangwa hakukitazama hata kimoja. Alikuwa na haraka ya fungu. Na Restituta alikuwa na lake moyoni, kitenge cha Pasaka alichoahidiwa na ambacho hadi leo kiko dukani.

Kabla mkaguzi hajafika kwenye jina la kumi na mbili, bodaboda iliingia uani ikitimua vumbi. Nyuma yake aliketi bibi wa miaka sabini na miwili, kofia ngumu juu ya kilemba, rozari shingoni, fimbo mkononi.

Ishirini na saba. Mtu alipindua tarakimu, basi.

"Kasinge, waitu," bibi alimshukuru dereva, akashuka taratibu. "Nimefika. Wapi wanapotoa?"

Kahangwa aliitambua sauti ile. Ephrasia Ishengoma. Mama Restituta. Mama mkwe!

Ewe msomaji uliyezaliwa Dar es Salaam, unayepiga soga na mama mkwe wako mkichangia sahani ya chipsi, huwezi kuelewa. Kwa Mhaya wa malezi ya Kahangwa, mama mkwe hasogelewi, wala jina lake huliulizi. Hutazamani naye uso kwa uso. Humpi mkono. Ukikutana naye njiani, unampisha mpaka ndani ya migomba, hata kama umevaa suti ya harusi. Kahangwa haogopi sheria, haogopi ukaguzi, na sina hakika kuhusu Mungu. Lakini alivyoruka nyuma ya pipa, ungedhani ana miaka kumi na minane.

Bi Mwamvita alilitazama pipa. Akamtazama bibi. Kisha, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akatabasamu. Nimekwambia ni mtu wa hapa.

"Mkurugenzi," aliita, "fomu yako uliyosaini inasema, nanukuu, 'mwajiri humfundisha mwanagenzi kwa kumshika mkono.' Mwanagenzi huyu hapa. Mashine hii hapa. Njoo umshike mkono."

"Siwezi, Madam," lilijibu pipa.

"Kwa nini?"

"Nina kifua."

"Miezi sita umemfundisha vipi, basi?"

"Kwa… kwa simu."

Hapo hata dereva wa boda aliketi chini.

Ma Ephrasia aliinua fimbo akaielekeza kwenye pipa huku akiangalia pembeni kwa heshima zote. "Yule nyuma ya pipa si mume wa Restituta? Mwambieni asihangaike. Mimi sijamwona."

"Bibi, shikamoo," Bi Mwamvita alimsogelea. "Unajifunza nini hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimefuata cheti. Restituta kasema nimehitimu."

"Umehitimu nini?"

"Sijui, waitu. Lakini nimehitimu."

Bi Mwamvita alifunga faili.

"Inatosha. Karakana hii naifungia leo. Na orodha yote naifuta."

"Yote?" Jovina aliuliza. "Na sisi tuliokuja kweli?"

"Yote. Nasikitika, dada. Mtu haingii kwenye mpango huu mara mbili. Ndiyo kanuni."

Sasa elewa binti yule alikuwa anapoteza nini. Kule Muleba kuna yadi inayotengeneza boti za chuma. Walikuwa wamemwahidi nafasi, si kufagia, kuchomelea, kwa sharti moja: cheti cha mafunzo kazini mezani Jumatatu saa mbili. Miaka saba ya kuandika barua za maombi, na hii ndiyo barua pekee iliyojibiwa. Kuanzia Alhamisi saa tano mpaka Jumatatu saa mbili hakuna karakana nyingine itakayompa cheti, hata ya shetani.

Aliweka ndoo ya senene chini.

"Mimi naweza kuchomelea," alisema.

Julius alimshangaa. Pipa nalo lilishangaa.

"Nipe vipande viwili vya skweapaipu," Jovina alimwambia Haruni. Haruni alimpa vyuma hivyo vya pembe nne bila kumtazama.

"Viunganishe pembe mraba," Bi Mwamvita aliagiza. "Kisha nitavipiga nyundo. Vikiachia, nyote mnakwenda nyumbani."

Jovina alichuchumaa karibu na pipa kuvaa glavu. Ndipo sauti ikamjia kutoka nyuma, nyororo kama mafuta.

"Jovina, mwanangu. Akiuliza nani kakufundisha, sema mimi. Jumatatu uko Muleba, una kazi. Ukijifanya mjuaji, Jumatatu uko Muleba, una jembe."

Jovina alishusha kioo usoni, akagusa chuma kwa rodi ya kuchomelea.

Je, alijifunzia wapi? Si chini ya turubai. Tangu Julai, kila saa saba mchana, Kahangwa anapolala baada ya ndizi na maharage, Jovina alikuwa akiruka ua kwenda kwa Haruni. Haruni alimfundisha kushika rodi, kusikiliza chuma kinavyolia kikikubali, kugonga magamba yanayoganda juu ya kiungo na kuanza upya bila kununa. Aliungua mikono mara nne. Alilia mara moja. Haruni hakudai kitu. Malipo yake yote kwa miezi mitano ni bakuli moja la senene wa kukaanga, tena walikuwa wa Kahangwa.

Ukiuliza kwa nini fungu la Serikali haliendi kwa fundi kama huyo, utajibiwa kwamba hana ofisi, hana mhuri, hana mpango mkakati, na choo chake hakina alama ya kike na ya kiume. Kahangwa alikuwa na vyote hivyo. Alichokosa ni mashine tu, na mashine haikuwa kwenye masharti.

Cheche zilikoma. Jovina aligonga magamba, akapangusa, akasimama.

Bi Mwamvita aliinua nyundo. Akapiga. Akapiga tena, kwa nguvu za mtu aliyetembelewa na senene kichwani. Pigo la tatu mpini wa nyundo ulivunjika. Kiungo kilibaki vilevile.

"Allah!" alisema mkaguzi, akikitazama.

Ma Ephrasia, ambaye kwa sasa alikuwa amekalishwa barazani mgongo ukiwa kwa watu, akitafuna buni za kahawa, alipiga makofi bila kujua ni ya nini. Kwa kuwa bibi hakuwa akitazama upande wao, Kahangwa alitoka nyuma ya pipa akiwa mrefu kuliko alivyoingia.

"Nilisema mimi! Madam, hayo ndiyo matunda ya mikono yangu!"

Bi Mwamvita hakupenda alichopaswa kusema, na alikisema kama mtu anayemeza shubiri.

"Kanuni ya mpango haiulizi wengine wamenyonyoa nini. Inauliza kama yuko hata mmoja aliyefuzu kwa mikono ya mwajiri. Akiwepo mmoja, mradi umefaulu, mapungufu yanarekebishwa kwa barua, na mwajiri anaingia awamu ijayo."

"Awamu ijayo ni wangapi?" Kahangwa aliuliza upesi.

"Hamsini. Wote kutoka Muleba. Fomu zao zilijazwa Jumapili."

Jovina alihisi glavu zinamlemea. Jumapili ile, baada ya misa, ni yeye aliyekaa kwenye benchi la nje ya kanisa kumsaidia mdogo wake kujaza fomu. Theopista. Miaka ishirini. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri kuliko wa padri: "Nataka ujuzi wa mikono." Na Jovina ndiye aliyemwambia, weka Bukoba, karakana ya Nyanga, wana nafasi. Alisema hivyo kwa aibu ya kukiri nyumbani kwamba ujuzi wake wa mikono ni kunyonyoa senene.

"Jovina," Bi Mwamvita alimgeukia, kalamu tayari. "Jibu neno moja. Kama ni mwajiri wako aliyekufundisha, cheti nakusainia hapa hapa. Kama ni mtu mwingine asiyesajiliwa, siwezi, na wewe unafutwa pamoja na wenzako. Nani kakufundisha?"

Kahangwa alikohoa kidogo, kikohozi cha baba mwenye upendo.

Julius alifumba macho. Cheti chake nacho kilikuwa kinaning'inia kwenye ulimi wa mwenzake.

Rahisi kuwa shujaa wewe unayesoma hapo umekunja nne na kahawa mkononi. Jovina alitaka kazi ile. Alimwona Theopista na ndoo, kucha kijani, akimsubiri Kahangwa alale ili aruke ua. Na safari hii ua litakuwa na watu hamsini.

"Zamani," alisema polepole, "mke akimletea mume senene, alipewa nguo mpya. Sisi tumemletea huyu bwana senene mwezi mzima na hajatupa hata glavu. Hizi nilizovaa si zake." Alizivua, akaziweka juu ya pipa. "Hajanifundisha kitu. Aliyenifundisha ni Kaka Haruni. Huyu hapa. Saa saba mchana, kila siku, bure."

Julius aliguna kama mtu aliyekanyagwa. Bi Mwamvita alishusha pumzi ndefu, na machoni mwake ulikuwepo mseto wa heshima na huzuni. Mkono wake ulianza kuchora mstari juu ya jina la Kahangwa.

Lakini Kahangwa alicheka.

Alicheka mpaka kalamu tatu zikacheza mfukoni. Si kicheko cha mtu aliyeshikwa.

"Kumbe!" Kahangwa alisema. "Kaka Haruni! Madam, kabla hujanikata, hebu malizia kuita majina. Ulikatizwa na pikipiki. Namba kumi na mbili hukuisoma."

Haruni aliiachia rodi aliyokuwa ameshika. Iligonga sakafu.

Bi Mwamvita alifungua faili ukurasa wa mwisho. Senene mmoja alikuwa amebaki humo, akamtoa kwa kidole. Alisoma kimya kwanza, kisha akasoma kwa sauti, kila neno peke yake.

"Haruni Burhani. Miaka thelathini na nne. Hana ajira. Hana ujuzi wowote. Anafundishwa kuchomelea na Kahangwa tangu mwezi Juni." Aligeuza karatasi. "Amesaini mahudhurio. Mara tano, kila mwisho wa mwezi."

"Umeona, Madam?" Kahangwa alisema. "Mimi nimemfundisha Haruni, Haruni kamfundisha Jovina. Ujuzi ni wangu. Niandikie hamsini zangu."

Jovina hakumsikia. Alikuwa amemgeukia mtu aliyemshika mkono kwa miezi mitano, aliyemwambia kwamba chuma hakidanganyi.

"Kaka Haruni, mwambie Madam ni uongo. Mwambie wameghushi. Hiyo sahihi si yako."

Haruni alizitazama glavu zake juu ya pipa.

"Ni yangu," alisema.